Aliyesimama na Bendera

Karatasi niliyopewa nisome kwenye mazishi ya kaka yangu ilikuwa na mistari ishirini na mitatu. Mstari wa kumi na moja ulikuwa wa uongo, na uongo huo niliuanzisha mimi.

Ulisema hivi: katika utumishi wake jeshini, marehemu alibeba bendera ya kikosi chake mbele ya Rais. Aliyeandika ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mwalimu mkuu mstaafu ambaye boma lake ni la tatu kutoka kwetu. Aliniletea Jumatano asubuhi, mazishi yakiwa Jumamosi.

"Utasoma wewe," akaniambia. "Ndugu yake ni wewe tu. Soma polepole, na ukifika hapo kwa bendera, pumzika kidogo. Watu watataka kupiga makofi."

Nikasema sawa. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni mwa koti, na tangu hapo sikukaa tena kitako. Nilikuwa nikiingia shambani natoka, naenda kuangalia ng'ombe ambaye ameshaangaliwa, nashika jembe naliacha. Watu waliokuja kuomboleza waliniambia nipumzike. Walidhani ni msiba tu.

Sisi ni watu wa upande wa Kimulot, kule juu ambako chai inapanda mpaka inakutana na msitu. Niliishia darasa la nane. Kaka alisoma mpaka kidato cha nne, akaenda kukimbia uwanjani Bomet siku wanajeshi walipokuja kuandikisha vijana, akachukuliwa. Mimi nikabaki na chai ya baba. Sikumwonea wivu. Nasema hivyo kwa sababu wapo waliosema baadaye kwamba nilikuwa nao, na nimejichunguza sana, sikuuona.

Mwaka ule alipanda cheo akawa sajini. Alipiga simu akasema sherehe ya taifa ya Desemba, bendera itakayopitishwa gwaridani ni ya kikosi chao, na yeye atakuwa uwanjani. Hakusema zaidi. Tulijaa katika hoteli ya mama mmoja aliyehamia kwetu kutoka upande wa Mlima Kenya. Yeye ndiye aliyekuwa na televisheni, kaifungia ndani ya kizimba cha vyuma juu ya kabati la mandazi. Jirani yetu mmoja kutoka upande wa ziwa, fundi wa boila kiwandani, alikuwa amekaa mbele kabisa na anajifanya mtangazaji.

"Hao wote wamefanana kama njiti za kiberiti," akasema. "Mtamjuaje mtu wenu?"

Ndipo bendera ikatokea. Ilikuwa nzito, ya hariri, ina nyuzi za dhahabu pembeni, na aliyeibeba alikuwa anatembea polepole, mguu ukiganda hewani kabla ya kushuka. Glovu nyeupe. Kofia imemfunika mpaka kwenye macho. Nikasimama nikanyosha kidole.

"Yule. Ndiye yeye."

"Una hakika?" mama wa hoteli akauliza. "Mimi naona kidevu tu."

"Nitakosaje kumjua ndugu yangu?"

Basi. Maneno yangu ni hayo tu. Hoteli nzima ilipiga makofi, mama akapitisha mandazi, kila mtu moja, na fundi wa boila akanipigia saluti kwa kijiko. Mpaka jioni habari ilikuwa imevuka bonde.

Kaka alipokuja likizo alikuta wanawake wanamngoja njia panda kwa nyimbo. Nyumbani wazee watatu walikuwa wamekaa kwenye viti vya miguu mitatu. Walimpa mursik kwenye kibuyu, na mkubwa wao akapiga funda moja la yale maziwa, akamnyunyizia kifuani kwa midomo, kama wanavyobarikiwa watu wetu wanaotoka vitani au wanaokwenda. Akasema, wewe uliyeinua bendera ya nchi mbele ya mkubwa wa nchi, mkono wako usichoke. Wengine wakaitikia.

Nilikuwa nimesimama upande wa pili. Kaka alinitafuta kwa macho akanipata. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyevishwa koti la mwingine mbele za watu, na anajua akilivua ataonekana amewatukana waliomvisha. Kwetu baraka ya wazee hairudishwi. Huwezi kusema samahani wazee, mmekosea, inyunyizieni kwa mwingine. Akainama akasema, "Kongoi." Asante.

Nikajua kuna jambo. Sikuuliza. Hilo nalo ni langu.

Miaka ikaenda. Kila alipokuja likizo alisimamishwa. Kanisani, kwenye harusi, kwenye mchango wa kujenga zahanati, mtu alishika kipaza sauti akasema tunaye hapa mbeba bendera. Aliinuka nusu, akakaa. Baadaye alianza kuchelewa kufika kwenye mikutano na kuwahi kuondoka, na watu wakasema wanajeshi ndivyo walivyo, hawapendi maneno mengi.

Alistaafu akarudi. Tukagawana shamba kwa mstari wa mkuyu, lakini tulichuma pamoja, leo kwake kesho kwangu, pamoja na wake zetu. Chai ya kuchuma kwa mkono ina fito. Unalaza fito juu ya vichaka, na chipukizi zinazopita juu ya fito ndizo unazochuma, majani mawili na kijicho cha ncha kilicho kati yake. Zilizo chini unaziacha zikue. Hivyo shamba linabaki sawa kama meza. Sisi tuliozoea tunaitupa fito hivi hivi, macho yanamaliza kazi. Yeye aliilaza, akachutama, akaangalia kwa jicho moja kama imenyooka, akaisogeza, akaangalia tena.

"Afande," nikamwambia, "majani hayakaguliwi. Lori linaondoka saa nane."

"Litangoja."

"Halijawahi kungoja mtu."

"Basi hawajawahi kuleta majani kama haya."

Mkewe alicheka mpaka akashika kikapu kisimwagike. Hiyo ndiyo sauti ya ile miaka mitatu aliyoishi nasi baada ya kustaafu ninayoitaka, na siipati tena sawasawa.

Aliniambia ukweli asubuhi moja ya ukungu, tukiwa wawili tu upande wa mtoni. Shule moja ilikuwa imetuma barua aende awaeleze wanafunzi jinsi alivyobeba bendera, naye akakataa. Nilimuuliza kwa nini. Aliendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari, akarudi, akaniambia bila kuniangalia.

"Sikuibeba. Anayeibeba mbele ya Rais ni afisa, luteni kijana. Mimi nilikuwa sajini."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilisimama nayo."

Akanieleza. Kabla gwaride halijaanza, bendera hupelekwa uwanjani ikiwa ndani ya ala yake nyeusi. Inavuliwa, na sajini mmoja anabaki ameishika, askari wawili wenye bunduki wakiwa kulia na kushoto kwake. Wako peke yao upande ule. Gwaride linaingia, bendi inapiga, Rais anafika, anakagua, anarudi kukaa, na wakati wote huo wao hawasogei. Upepo ukiingia kwenye hariri inavuta kama ng'ombe aliyekataa kamba, na unatakiwa umshike ng'ombe huyo bila mtu kuona kwamba unamshika. Kisha kundi la kuisindikiza linakuja. Sajini meja anapiga hatua, anaichukua mikononi mwako, anaipeleka kwa luteni. Luteni anaisalimu kwa upanga, anaipokea, na hapo ndipo watu wanaanza kupiga makofi.

"Ukishaitoa," akasema, "watu wote wanaigeukia. Wewe umebaki pale na mkono bado una umbo la mlingoti. Kazi yangu ilikuwa kuwa pale mpaka ichukuliwe. Niliifanya vizuri. Hakuna aliyeniuliza habari ya hiyo."

Nikasema ni mimi niliyekunyoshea kidole.

"Najua. Ulinyoshea mtu mwingine." Akainua kikapu mgongoni. "Sasa umejua."

Hakusema nimwambie nani. Hakusema nisimwambie. Nimeligeuza neno hilo mara nyingi kuliko ninavyoligeuza neno la kanisani. Sasa umejua. Je, alinipa nilibebe kwa niaba yake, au alinipa niliweke chini? Nilikuwa na nafasi ya kuuliza kwa mwaka mzima uliofuata. Halafu siku moja alikuwa kwenye foleni ya banda la kupimia majani, kikapu chake ni cha tatu kutoka kwenye mizani, akaanguka. Walipomgeuza alikuwa ameshakwenda.

Alhamisi nilimwendea mwenyekiti. Nilimkuta anapiga pasi suti ya mazishi kwa pasi ya makaa. Nikamwambia yote, kuanzia hotelini. Alisikiliza bila kuinua pasi mpaka nikanusa kitambaa kinaungua.

"Mzee, suti."

Akaiinua.

"Wazee watatu walimbariki," akasema. "Wawili wako kaburini. Wa tatu hasikii vizuri. Unataka wawe wamebariki nini?"

"Walimbariki yeye."

"Walibariki kitendo. Na programu zimeshapigwa chapa Litein, mia mbili, imeandikwa hivyo. Kijana wangu, marehemu hajawahi kulalamika. Wewe ni nani ulalamike?"

Nilirudi kwa njia ndefu ya kupitia juu, ambako ng'ambo ya bonde mashine za kuchumia za kampuni zinavuma siku nzima kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Nilisimama hapo nikajaribu kusoma ule mstari kwa sauti, peke yangu. Nilifika "alibeba" nikakohoa.

Ijumaa nilimwita mjane nje. Shemeji alikuwa katikati ya wanawake waliokuwa wanachambua maharagwe ya kupikia wageni, akatoka anafuta mikono kwenye leso. Nilimwambia kuna mstari kwenye karatasi ambao si wa kweli, nao ni ule wa bendera, na kosa ni langu. Nilitegemea aniulize ni nini basi kilichotokea. Hakuuliza.

"Unataka kumzika au kumshtaki?" akasema.

"Shemeji, sitaki kumsemea uongo akiwa ndani ya sanduku. Hana njia ya kuinuka nusu na kukaa."

Aliangalia mahali walipokuwa wanachimba, pembeni mwa chai.

"Mwache aende nayo," akasema. "Amechoka." Akarudi kwenye maharagwe.

Kwa hiyo niwe mkweli: nilipoamka Jumamosi nilikuwa nimeshaamua kusoma kama ilivyo. Mjane amesema, mzee amesema. Mimi ni mtu wa darasa la nane mwenye fito. Ningesoma, makofi yangepigwa, udongo ungeingia.

Asubuhi hiyo alifika mtu mmoja amevaa koti la mvua na bereti iliyopauka. Alijitambulisha kwa watu wa mapokezi kuwa alitumika na marehemu, wakamleta kwangu. Nilimpa chai. Alikunywa amesimama.

"Ulikuwepo siku ile ya bendera?" nikamuuliza.

"Nilikuwa kushoto kwake," akasema. "Na bunduki."

Nikamwonyesha karatasi, mstari wa kumi na moja. Aliusoma, akanirudishia, akaangalia kikombe.

"Nisomeje?" nikasema.

"Mimi ni mgeni hapa," akasema. "Nimekuja kumwona."

Nilimwelewa. Lakini alisema kushoto kwake. Kwa hiyo mahali pale palikuwapo. Mpaka dakika ile ilikuwa kama hadithi aliyoniambia kaka kwenye ukungu, sasa nilikuwa na mtu mwenye bereti aliyekuwa ameikanyaga nyasi ile ile. Nikawaza, huyu atakaa kwenye kiti cha plastiki, atanisikia nikimwambia kwamba pale alipokuwa hapakuwa na kitu.

Mvua ilianza kabla ya sala ya kwanza. Mahema yalijaa, wengine walisimama katikati ya chai na miavuli. Nilipoitwa nilishika kipaza sauti kwa mkono mmoja na karatasi kwa mwingine, kisha nikaiweka karatasi juu ya Biblia ya mchungaji. Nilisoma kuzaliwa kwake. Nilisoma shule zake. Nilisoma alivyoandikishwa. Nikafika kumi na moja nikapumzika, kama nilivyoagizwa, na baadhi ya watu wakawa tayari wameinua mikono.

Nikasema, "Hapa pameandikwa kwamba alibeba bendera mbele ya Rais. Aliyeibeba alikuwa afisa mwingine. Kaka yangu alikuwa sajini, na kazi yake ilikuwa kusimama na bendera mpaka ije kuchukuliwa. Alisimama nayo. Mimi ndiye niliyesema hotelini kwamba yule ni yeye. Nilikosea mtu. Yeye hakuwahi kusema kwa mdomo wake kwamba aliibeba. Mumsamehe aliyenyamaza, na mimi niliyesema."

Mikono ikashuka. Mvua ilisikika kwenye turubai. Nyuma kabisa, yule mzee wa tatu, aliyebaki, akauliza kwa sauti ya mtu asiyejisikia, "Anasema nini?"

"Anasema hakubeba bendera," mtu akamjibu sikioni.

"Ati hakupepa pendera?" akasema kwa lafudhi nzito ya kizee. "Nani, huyu tunayemzika?"

Kuna waliocheka, na sikuwalaumu. Nikasoma mistari kumi na miwili iliyobaki bila kuona ninachosoma. Niliporudisha kipaza sauti, mwenyekiti alikipokea akasema kwa upole sana, "Ndugu yetu ana uchungu mwingi. Uchungu huchanganya mtu. Tumwombee." Watu wakaitikia kwa sauti iliyotulia, nikaona jinsi walivyofurahi kupewa pa kuliweka jambo lile. Tukamzika. Yule mwanajeshi alitupa udongo wake, akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akauliza gari la Sotik linapita saa ngapi.

Shemeji alinifuata siku ya nne, wageni walipokuwa wamekwisha. Nilikuwa napogoa.

"Ulijituliza wewe," akasema.

Nilitaka kukataa. Nikafikiri, nikaona ana haki.

"Kweli," nikasema. "Lakini sijatulia."

"Hiyo ni yako." Akaondoka. Tangu siku hiyo alichuma upande wake peke yake na binti yake, na akaanza kupitisha majani yake banda la chini, ambako ni mbali, ili tusikutane kwenye mizani. Njiani watu walinisalimu, "Chamgei," nikaitikia, na nikisha kupita nikasikia maneno yakianza. Mama wa hoteli peke yake aliniambia usoni. "Nilikuambia nimeona kidevu tu," akasema, akaniwekea chai.

Sikujua kama nimemrudishia kaka heshima yake au nimemvua nguo. Hata sasa sijui. Kuna siku naamka nina hakika, na nikishavaa viatu imeondoka.

Ilikuwa mwezi wa tatu tangu mazishi, binti mkubwa wa kaka, anayesomea uuguzi Kericho, akaniita nikipita kwenye lango lao. Alikuwa amekaa nje anaosha vikapu.

"Baba mdogo," akasema, "alisimama kwa muda gani?"

"Nini?"

"Siku ile. Ulisema alisimama nayo. Watu walisema aliibeba, miaka yote, na sikuwahi kuuliza kitu, kwa sababu niliona picha zake kichwani: anatembea, wanapiga makofi, imeisha. Lakini kusimama nafikiria kila siku. Alikuwa anaangalia wapi? Alikuwa anaruhusiwa kumeza mate?"

Nikashika nguzo ya lango. Nikamweleza kila nilichoambiwa: ala nyeusi, askari wawili, hariri inavyovuta, mkono uliobaki na umbo. Aliuliza kama jua lilikuwa linamwingia machoni. Sikujua. Aliuliza kama miguu haikufa ganzi. Sikujua. Nikasema nadhani ilikuwa kama saa nzima, hakuniambia hasa.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na moshi unatoka. Sauti ya shemeji ikatoka na moshi.

"Saa moja na nusu."

Binti akageuka na kikapu mkononi.

"Na nyuki alimwuma hapa," akasema, nikamwona amekuja mlangoni, ameshika nyuma ya sikio lake mwenyewe. "Alikuja akamtembelea, akamwuma, akafia hapo hapo. Nilikuwa nakaa naye kambini. Alirudi shingo imevimba mpaka kola haifungi, nikamtoa mwiba kwa kucha." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kupogoa. "Aliniambia, mama watoto, haikutikisika."